Londri ya Mama Mchungaji

Nyumbani kwa Mama Mchungaji, pale Doonside, Sydney, kulikuwa na friji mbili. Moja ya chakula. Ya pili ilikuwa ndogo, ya kutunzia filamu za kamera, na mgeni aliyeifungua kwa bahati mbaya akitafuta maziwa ya chai aliambiwa maneno ambayo hukutegemea mke wa mchungaji ayajue. Mimi niliifungua siku ya kwanza kabisa. Nikaambiwa. Halafu akanipakulia wali na sombe ya majani ya mihogo mpaka nikashindwa kusimama, na hasira yake ikawa imekwisha kama haikuwahi kuwepo.

Sitaandika alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Alikuwa Mkongo, na ukimsikia akizungumza hukuwa na haja ya kuuliza. Jina lake la ubatizo nalijua lakini sijawahi kulitumia. Hata mume wake mbele za watu alimwita Mama Mchungaji, kana kwamba mchungaji mwenyewe alikuwa mtu mwingine.

Wanaonijua hapa Blacktown watakwambia mimi si mtu wa kusifu. Watasema, yule Mama Divine ana mdomo, anataja watu kwa majina. Ni kweli, nataja. Shule niliishia darasa la tatu, vita ikaingia, na leo kazi yangu ni kufua mashuka kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Walionitenda siwezi kuwapeleka popote. Ninachoweza ni kuwataja, na humu nitawataja. Lakini huyu mama nimemweka peke yake. Ni wachache sana niliowahi kuwatazama wakifanya kazi yao nikasahau kufunga mdomo.

Mashine aliyofanyia kazi yake aliiokota barabarani. Huku kaunsili, yaani manispaa, ina siku zake za kuzoa vitu vikubwa. Watu wanatoa nje makochi, magodoro, televisheni zinazowaka vizuri tu, na sisi tuliotoka kambi za wakimbizi siku hizo tunazunguka na gari polepole kama tunatafuta mtoto aliyepotea. Mama Mchungaji aliona chuma kirefu kimesimama juu ya ubao. Juu kina kichwa kama cha taa, na chini ya kichwa kuna jicho la kioo. Akakipakia. Jumapili akakileta kanisani kwenye buti ya gari ili wanaume wamwambie ni nini.

Wanaume wakakizunguka. Shemasi mmoja akasema ni hadubini ya hospitali, tena ya bei. Mwingine akasema hapana, ni ya kukamulia machungwa.

"Chungwa linaingilia wapi?"

"Hapo juu."

"Na juisi?"

"Inatoka kwenye kioo, si unaona kiko chini?"

Walibishana mpaka chakula kikapoa. Ndipo nesi mmoja Mkenya, aliyekuja kuabudu na sisi siku hiyo tu, akapita na sahani yake akacheka.

"Zii, hii si ya hosi. Hii ni ya kuosha picha. Guka, babu yangu, alikuwa na studio, alikuwa nayo kama hii."

"Picha banaosha namna gani?" Mama Mchungaji akauliza.

"Kwa giza, na dawa. Lakini siku hizi nani ako na hiyo time, Mama? Simu si unayo."

"Time niko nayo," akasema Mama Mchungaji, akafunga buti.

Alijifunza kwenye simu, kwa video za wazee wa Kizungu waliojifungia kwenye vyumba vyao vya giza. Kiingereza chake kilikuwa cha dukani na cha kazini. Basi alizima sauti. Alisema wale wazee wanaongea kuliko wanavyofanya, na ukizima sauti unabaki na mikono yao, na mikono haina lugha ngumu. Nilimkuta mara nyingi pale mezani, sufuria inachemka nyuma yake, ameinamia simu isiyo na sauti, na vidole vyake hewani vinazungusha kitu ambacho hakipo.

Chumba chake cha giza kilikuwa londri, chumba cha kufulia. Dirisha alilipigilia blanketi zito, chini ya mlango akasokomeza taulo, juu ya mashine ya kufulia akaweka mabeseni ya dawa, na kwenye ukuta taa nyekundu. Ile mashine ya barabarani, ya kukuzia picha, ilisimama juu ya kabati la viatu. Nguo za Mchungaji zilifuliwa humohumo, kwa hiyo mume alihubiri miaka yote hiyo akinukia kama achari. Washirika wapya walidhani ni mafuta ya upako.

Hiyo taa nyekundu nusura ivunje kanisa. Mama Nadia, namtaja, alikwenda kumtembelea mchana mmoja akakuta nyumba kimya. Akaona wekundu unapenya pembeni ya mlango wa londri na ndani sauti ya mtu anahesabu polepole: moja, mbili, tatu, ine. Mama Mchungaji alikuwa anahesabu muda wa mwanga kwenye karatasi. Mama Nadia hakuuliza. Alirudi Blacktown akasema mke wa mchungaji ana madhabahu. Alhamisi iliyofuata akaja na wenzake wawili na chupa ya mafuta. Wakafungua mlango wa londri kwa wimbo, mchana kweupe, wakakemea.

Karatasi iliyokuwa mle ikaungua kwa mwanga ikawa nyeusi tititi, pembe hadi pembe. Mama Mchungaji hakupiga kelele. Aliwangoja wamalize wimbo. Akawakaanzia samaki. Halafu ile karatasi nyeusi akaikausha, akaitia fremu nzuri yenye kioo, akaitundika sebuleni juu ya televisheni, na ilikaa pale mpaka walipohama. Mgeni akiuliza ni nini, anajibu:

"Ni Mama Nadia na benzake. Bako ndani humo, banaimba."

Mama Nadia alikaa chini ya picha hiyo kila kikao cha wamama. Hakuna aliyewahi kunilipizia kisasi kwa namna nzuri kama hiyo, na hata si mimi niliyekuwa nimekosewa.

Filamu alizipiga hapo nyumbani tu. Hakwenda kupiga lile jengo la mjini lenye matanga meupe wala lile daraja. Alisema vile vimepigwa mpaka vimechoka. Yeye alipiga soksi za Mchungaji kwenye kamba. Mvuke juu ya sufuria ya maharage. Sukari iliyomwagika. Kitunguu kimoja alikizunguka juma zima. Kulikuwa na mwanga uliokuja kwenye ukuta wa korido wakati wa baridi tu, kwa muda mfupi mchana, na mke wa mchungaji aliwahi kuwaacha wazee wa kanisa mezani na chai yao akakimbia kuuwahi. Akarudi mikono mitupu.

"Haukuja?" nikamuuliza.

"Umekuja. Lakini bado."

"Bado nini sasa, kama umekuja?"

"Miye ndiye bado."

Filamu moja ilimchukua nusu mwaka. Niliwahi kumwona ameinua kamera, ameishikilia jichoni mpaka chai yangu ikaisha, kisha akaishusha bila kubonyeza, uso umeridhika kabisa kama mtu aliyekula.

Usidhani alikuwa hivyo kwa kila kitu. Mwanawe mkubwa alimpa kamera ya dijitali, na hiyo aliishika kama mlevi. Kasuku wale weupe wenye kishungi wakitua kwenye chuma cha kuanikia nguo uani, anabonyeza kama anashona cherehani, mamia kwa asubuhi moja. Halafu jioni kwenye kompyuta anawasafisha. Nyaya za umeme, anafuta. Pipa la jirani, anafuta. Kamba, vibanio, chupi za mwanawe, vyote vinaondoka, kasuku anabaki amesimama mbinguni peke yake. Nikamwambia huo si uongo, Mama Mchungaji? Akasema Mungu hakuweka lile pipa.

Lakini bibi harusi mmoja wa hapo kanisani alimwomba ampunguzie weusi kidogo kwenye picha, kidogo tu, na yeye akamrudishia bahasha yake palepale mlangoni. "Ndege namusaidia," alisema. "Mutu simusaidii." Watu walimwona ana kiburi. Alikuwa nacho. Alitufundisha wamama kutopenda mapambo, na yeye mwenyewe aliweza kukunyamazia siku mbili kwa sababu umesema picha yake "nzuri" bila kuitazama vya kutosha.

Mara ya kwanza aliponiingiza londri wakati wa kazi nilisimama pembeni ya mashine ya kufulia, naogopa kugusa. Alichukua karatasi nyeupe isiyo na kitu. Akaiweka chini ya lile jicho, akawasha, akahesabu, akazima. Karatasi bado nyeupe. Akaitumbukiza kwenye dawa, akawa analiinua beseni upande huu na upande ule, taratibu, kama unavyombembeleza mtoto asiyetaka kulala. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Halafu pale katikati pakawa kama pana vumbi. Vumbi likakusanyika. Likawa mguu, likawa soksi, soksi ya Mchungaji yenye tundu, na kibanio, na nyuma yake mawingu. Hakuna mtu aliyeichora. Ilikuwa inajileta yenyewe kutoka mahali ilikokuwa.

Mimi ni mlokole miaka mingi, lakini mkono wangu ukapiga ishara ya msalaba kama nilivyofundishwa utotoni.

"Usiombe, Mama Divine," akasema bila kugeuka. "Iko inakuja."

Nimekaa Sydney miaka, nimeona ndege zinashuka juu ya maji, nimepanda lifti zinazoongea. Hakuna kilichonitetemesha kama ile soksi.

Siku aliyotaka kunipiga picha mimi ilikuwa shida. Alinisimamisha jikoni karibu na dirisha. Nikavua kilemba. Nikasimama wima, visigino vimegusana, mgongo ukutani, mikono kifuani.

"Unashika nini?"

"Sijashika kitu."

"Bon. Shusha mikono."

Nikashusha. Akainua kamera, mikono ikapanda tena yenyewe. Mara ya tatu akaanza kucheka, halafu kicheko kikamfia mdomoni kwa sababu na yeye alipita kambini. Kule ulipigwa picha umeshika ubao wenye namba yako kifuani, na mpiga picha akikwambia usicheke, hucheki. Mikono yangu ilikuwa bado inashika ule ubao.

Aliweka kamera mezani akanipa majani ya mihogo nichambue. Akaniuliza kambini bloku yetu mwenyekiti alikuwa nani. Basi! Hapo nikawaka. Nilimweleza habari za huyo mwenyekiti, Zabuloni, huku narusha majani kila mahali, na sikusikia kamera ikilia. Ndiyo picha yangu pekee ninayoitambua. Mdomo wazi, jani hewani, namlaani mtu.

Na kwa sababu nimeshamtaja Zabuloni, nimalize.

Kwenye kesi yetu, yaani faili la maombi ya kuja huku, tuliandikwa wanne: mimi, mume wangu Leonidasi, dada yangu Gorethi, na Divine ambaye alikuwa mchanga, hajaweza kukaa bila kushikwa. Gorethi ndiye aliyenilea. Wazazi wetu walipouawa alinishika mkono tukavuka mpaka, na kambini hakuolewa kwa sababu yangu. Karibu na siku ya kupigwa picha ya familia, Zabuloni akaja na habari kwamba Gorethi ana kosa kwenye usaili. Nafasi yake ataingia kijana anayeitwa Desire, tuseme ni mdogo wake Leonidasi. Desire alikuwa mpwa wa Zabuloni. Tukikataa, alisema, tutabaki wote. Leonidasi akakubali kabla sijafungua mdomo. Huyo naye namtaja. Sasa yuko Perth na mke mwingine.

Siku ya picha walinzi wa Zabuloni walifukuza kila asiyehusika. Nilimwona Gorethi anasukumwa nje ya uzio. Sisi tukapangwa mbele ya mashuka mawili meupe yaliyotundikwa kwenye kamba. Mimi nikapewa ubao, mikono yote miwili. Divine akakalishwa juu ya stuli ndefu kati yangu na Desire, maana mpiga picha alitaka uso wa mtoto uonekane wazi. Alikuwa analia na kuyumba. Tukaambiwa tutazame mbele, asigeuke mtu. Nikatazama mbele. Ghafla mtoto akanyamaza, picha ikapigwa.

Tulipoondoka Gorethi alibaki. Baadaye kambi ilifungwa, akapakiwa kwenye lori la kurudi Burundi, na malaria ikammalizia kwenye nyumba isiyo na paa. Hana picha hata moja. Zile alizopigwa kambini hazikuwa zetu, hatujui zilikoishia; tuliyopewa ni nakala ndogo ya ile ya familia tu. Desire anaishi Minto, ana gari kubwa la kazi, na kila sherehe anakuja. Kila sherehe anasimulia: "Huyu Divine nilimshika mimi siku ya picha. Alikuwa anaanguka, nikamshika." Divine anamwita Anko. Nilimweleza mwanangu habari yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu kwa Kiingereza kwamba hayo ni ya zamani na Anko Desire yeye hajamkosea.

Basi Divine akakaribia kutimiza miaka ishirini na moja, ambayo huku ni sherehe ya kukodi ukumbi. Akataka ile picha ya kambini ikuzwe, ikae mlangoni, kila anayeingia aone alikotoka. Usingizi ukanitoka. Niliwaona watu wa Blacktown, Doonside na Minto, wote wamepanga mstari mbele ya uso wa Desire wakimpongeza kwa kumshika mwanangu, kwenye nafasi ya dada yangu.

Nikaipeleka picha Doonside.

"Mama Mchungaji, nitolee huyu mtu."

"Nani?"

"Desire. Mfute kama unavyofuta mapipa."

"Pipa haina mama yake."

"Na mimi sina dada? Yeye ana mama, mimi nina kaburi nisilolijua. Mfute. Paache wazi, watu waulize."

Alivaa miwani, akaitazama muda. Nilimjua, nikajua atakataa. Nikaanza kulia kwa hasira na kumwambia kwamba yeye anaheshimu vitunguu kuliko watu. Akasema, "Acha picha hapa," akaiweka kwenye friji. Ile ndogo.

Juma likapita, la pili likapita. Wakati huohuo tukatangaziwa kanisani kwamba Mchungaji anahamia Adelaide kuanzisha kanisa. Nikajua basi, nimekosa. Siku tatu kabla ya lori la mizigo akanipigia simu wakati nimetoka kazini, nikapanda treni na sare yangu.

Nyumba ilikuwa maboksi matupu. Mchungaji alikuwa sebuleni anapigana na utepe wa kufungia. "Mama Divine, karibu, ingia. Amekataa kufungasha londri mpaka ufike," akaniambia. "Mke wangu ataniacha nihame peke yangu."

Londri ilikuwa bado kama ilivyokuwa. Blanketi dirishani, taulo chini ya mlango, mabeseni yamejaa. Alikuwa ameipiga picha ile picha yangu kwa filamu, akaitia negativu, ile filamu iliyooshwa, kwenye mashine. Alifunga mlango tukawa kwenye wekundu. Akahesabu. Akaitumbukiza karatasi, kubwa kuliko zote nilizowahi kumwona nazo, ikajaa beseni lote.

Vilivyo vyeusi ndivyo vinavyotangulia. Kwa hiyo aliyetangulia kuja alikuwa Desire. Koti lake jeusi la kuazima likatokea kabla ya mtu mwingine yeyote, na mimi nikasema, "Unaona? Hata humu anatangulia." Mama Mchungaji akaendelea kutikisa beseni. Ikaja namba kwenye ubao wangu. Zikaja nywele za Leonidasi. Yakaja maua ya kitenge alichovikwa Divine, halafu sura zetu, polepole, tumekodoa macho. Nilikuwa mwembamba. Sikumbuki nikiwa mwembamba hivyo.

"Kwenye picha kuko bantu ngapi?" akauliza.

"Wanne."

"Hesabu tena."

"Mimi, Leonidasi, Divine, na huyo. Wanne."

"Mikono ya Desire iko wapi?"

Nikatazama. Ilikuwa imenyooka mapajani, yote miwili, kama askari.

"Sasa," akasema, akaweka kidole juu ya maji bila kugusa karatasi, "mutoto anashikwa na nani?"

Nikainama. Kwenye mbavu za Divine, katikati ya maua ya kitenge, palikuwa na ua ambalo halikuwa ua. Miaka yote nimeishika ile picha ndogo, namtazama Desire tu, namchukia, na hayo yaliyobaki nilidhani ni kitambaa. Vilikuwa vidole. Vinne, vimekandamiza mbavu za mtoto kwa nguvu ya mtu anayeogopa kuachia. Na kile cha kati kilikuwa kimepinda kuelekea nje.

Usiku tuliokimbia, mlango wa lori ulimbana Gorethi kidole cha kati. Hakukuwa na wa kukinyoosha. Kilipona hivyohivyo.

Alikuwa amerudi. Walimfukuza mbele, akazunguka, akapita nyuma ya mashuka. Akapitisha mkono pale shuka mbili zinapokutana akamshika mwanangu ili mwanangu apigwe picha vizuri, ya safari ambayo yeye ametolewa.

Sikulia. Nilishika ukingo wa mashine ya kufulia. Mama Mchungaji akaihamishia karatasi kwenye beseni la pili, akasubiri, akaipeleka la tatu. Akafanya yote hayo kwa upole ambao sikuwahi kumwona nao hata kwa kitunguu.

"Yule kijana naweza kumutoa," akasema. "Kwenye kompyuta ni kazi ndogo, siwezi kukudanganya. Lakini angalia mukono unatoka wapi. Unatoka kwenye shuka, unapita nyuma ya kiwiko chake, koti yake inaufunika. Nikimutoa, mukono unabaki unaelea. Itanilazimu nichore ingine hapo. Na ile nitachora itakuwa ya miye. Haitakuwa ya dada yako."

Nje Mchungaji aligonga akauliza kama anaweza kuchukua kikapu cha nguo. "Hapana!" tukajibu wote wawili kwa pamoja.

Nilimtazama Desire mle ndani ya maji. Nilikuwa nimekuja kumwondoa. Nimelala nikimwondoa, nimeamka nikimwondoa. Na sasa nikimwondoa namkata Gorethi mkono.

"Mwache," nikasema.

"Nimuache?"

"Mwache asimame hapohapo. Divine aipeleke ukumbini kama alivyotaka, na Desire aje asimulie alivyomshika, na watu watazame mikono yake iliko. Mimi nitakaa kando ya hiyo picha na kiti changu."

Mama Mchungaji akacheka kile kicheko chake kibaya cha siku zote, mpaka miwani ikamteleza.

"Lakini nataka nyingine," nikamwambia. "Hapo penye vidole. Ikuze."

"Kubwa namna gani?"

"Kubwa mpaka hao wengine wote wakose pa kukaa."

Akazungusha gurudumu la mashine, kichwa kikapanda. Kikafika mwisho wa chuma. Haikutosha. Akaweka maboksi mawili ya vitabu vya Mchungaji juu ya ubao wa mashine ili yaushikilie, akakizungusha kichwa chote kikatazama nyuma, nje ya kabati, chini kwenye sakafu. Akazima hata ile taa nyekundu ili nione vizuri. Akawasha jicho.

Kwenye negativu weusi wetu unakuwa mwanga. Vidole vya dada yangu vikaanguka kwenye vigae vya londri, vyeupe, vinang'aa. Mama Mchungaji akasogeza kioo, ukungu ukaondoka, mistari ya vifundo ikajitokeza mmoja mmoja. Mkono ulitoka kwenye mguu wa mashine ya kufulia ukafika mlangoni. Kile kidole kilichopinda kilikuwa kirefu kama mguu wangu.

"Inatosha?" akauliza gizani.

Nikavua viatu, nikarudi nyuma mpaka ukutani nisiukanyage mkono wake.